Dawa ya kuzuia uchungu hutupatia siku mbili, si wiki nane

Mjamzito wa wiki 29 anafikishwa hospitali usiku, tumbo linakaza na kuachia kila baada ya dakika chache. Anawekewa dripu, anapewa dawa, na kunapopambazuka tumbo limetulia. Siku ya tatu anaruhusiwa kurudi nyumbani na pakiti ya vidonge. Aghalabu ni salbutamoli, ile ile ya wagonjwa wa pumu, au nifedipini, ile ya wagonjwa wa presha. Anaambiwa ameze kila siku mpaka afikishe wiki 37. Ndugu wanashukuru, mama mkwe anasema Mungu mkubwa, mimba imeshikiliwa.

Matibabu ya namna hii yana sehemu mbili, nazo hazina uzito sawa. Ile ya kwanza, dawa ya saa 48 pale hospitalini, inaweza kuwa ndiyo iliyomtenga mtoto na kifo, ikiwa saa hizo zimetumiwa inavyopaswa. Ya pili, vidonge vya wiki nane, imepimwa mara nyingi na haijaonyesha kumwokoa mtoto. Kwa baadhi ya dawa imewaumiza kina mama, na wengine imewaua. Hata hivyo ya pili ndiyo familia huikumbuka na kuisimulia, na ya kwanza hupita kama jambo dogo la usiku mmoja.

Hofu iliyo nyuma ya vidonge hivyo si ya kubezwa. Mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto wapatao milioni 13.4 kabla ya kutimiza wiki 37, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa wiki 29 anayezaliwa katika hospitali yenye wodi ya watoto wachanga iliyokamilika nchini Uholanzi ana nafasi kubwa sana ya kuishi. Wa umri ule ule akizaliwa kwenye zahanati ya mbali, bila oksijeni na bila mtu aliyefundishwa kumsaidia kupumua, nafasi yake ni finyu. Mama anayeogopa kuzaa njiti, yaani mtoto wa kabla ya wakati, hakosei, na daktari anayetaka kuizuia mimba isitoke mapema anatamani kitu chema. Swali langu ni kama dawa anayoiandika inakileta kitu hicho.

Mfuko wa uzazi ni msuli, na uchungu ni kukaza kwa msuli huo. Salbutamoli, terbutalini na ritodrini, ambazo ni ndugu wa ukoo mmoja, hushika vipokezi vilivyo juu ya chembe za msuli na kuuamuru ulegee. Shida ni kwamba vipokezi hivyo huchoka. Vikisukumwa mchana na usiku bila kupumzika, mwili huvipunguza na kuvizima, na baada ya siku chache dawa inazungumza na msuli usiosikia tena. Moyo wa mama, hata hivyo, bado unaisikia: mapigo yanakwenda mbio, mikono inatetemeka, sukari ya damu inapanda, potasiamu inashuka. Nifedipini hupita njia nyingine, huzuia kalisi (kalsiamu) isiingie kwenye msuli, na kwa wengi ni mpole zaidi. Atosibani, inayotumika sana Ulaya, huziba mahali pa kufikia homoni ya oksitosini. Njia ni tofauti, lakini zote zinafanana katika jambo moja: hakuna hata moja inayogusa kilichouamsha uchungu.

Na hapo ndipo penye mzizi wa suala zima. Uchungu unaokuja kabla ya wakati mara nyingi ni hatua ya mwisho ya jambo lililoanza siku au wiki kadhaa nyuma. Huenda ni maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni mpaka kwenye utando unaomzunguka mtoto, au maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa, au malaria. Huenda ni damu inayovuja nyuma ya kondo, au mapacha waliolitanua tumbo kupita kiasi, au mlango wa kizazi uliolegea. Ukiulegeza msuli, maambukizi yanabaki pale pale na kondo linaendelea kubanduka. Kuna nyakati mtoto yu salama zaidi nje kuliko ndani, na mwili wa mama umelijua hilo kabla ya sisi. Kumfungia ndani kwa wiki tatu zaidi, katika mfuko wenye usaha, si kumwokoa.

Sasa, kama vidonge havisaidii, mbona kina mama wengi wanaapa kwamba vimewasaidia? Jibu liko kwenye hesabu ambayo haielezwi vya kutosha. Karibu nusu ya wanawake wanaolazwa kwa uchungu wa mapema huja kujifungua wakiwa wametimiza wiki zao. Takriban theluthi moja, uchungu wao hutulia wenyewe bila chochote. Tumbo hukaza kwa sababu nyingi wakati wa ujauzito, na kwa macho na mikono mitupu ni vigumu kutofautisha uchungu wa kweli na ule utakaopita. Kwa hiyo ukiwapa wanawake mia moja vidonge vya aina yoyote, hata vya unga wa mahindi, wapatao hamsini watafika wiki 37 na kukusifu. Daktari naye atawaona, atawakumbuka, na ataandika tena. Si kwamba anadanganya. Anaona mafanikio ya kweli, ila anayapa sababu isiyo yake.

Ndiyo maana majaribio yanayolinganisha dawa na kidonge kisicho na dawa ni muhimu kuliko ushuhuda wa mtu yeyote, hata awe bingwa wa miaka thelathini. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wanawake 708 waliopewa ritodrini au dripu tupu. Ritodrini iliahirisha kujifungua kwa siku moja hadi mbili. Vifo vya watoto havikupungua. Mwaka 2013 Waholanzi wakauliza swali letu hasa: mwanamke ambaye uchungu wake umeshatulizwa kwa saa 48, je, kumwendeleza na nifedipini kunamfaa mtoto? Wanawake 406 waligawanywa, wengine miligramu 80 za nifedipini kwa siku, wengine kidonge kitupu, kwa siku 12. Watoto waliokufa au kupata madhara makubwa walikuwa asilimia 11.9 upande wa dawa na asilimia 13.7 upande wa kidonge kitupu, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Dawa ilimezwa, siku zikapita, na watoto wakawa wale wale.

Upande wa madhara, kumbukumbu ni nzito zaidi. Nchini Marekani terbutalini ilitumika kwa wajawazito kwa miaka mingi ingawa iliidhinishwa kwa ajili ya pumu na matatizo mengine ya kubana kwa njia za hewa tu. Wapo waliopewa vidonge, na wapo waliotembea na pampu ndogo iliyowachoma dawa chini ya ngozi wakiwa nyumbani, kwa wiki kadhaa. Februari 2011 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliweka onyo lake kali kuliko yote: sindano ya terbutalini isitumike kuzuia uchungu kwa zaidi ya saa 48 hadi 72, na vidonge vyake visitumike kabisa kwa kazi hiyo. Kati ya mwaka 1976 na 2009 mamlaka ilikuwa imepokea taarifa za vifo 16 vya kina mama vilivyohusishwa na dawa hiyo, mbali na wengine walioponea chupuchupu wakiwa na mapigo ya moyo yaliyovurugika, mapafu yaliyojaa maji au moyo uliokosa damu. Wanawake hao walikuja hospitali kwa sababu ya hofu juu ya mtoto. 

Ulaya ilifuata mwaka 2013, na uamuzi wake unatuhusu zaidi kwa kuwa unaitaja salbutamoli pamoja na ndugu zake. Vidonge na vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa vya ukoo huu viliondolewa kabisa kwenye matumizi ya uzazi. Sindano na dripu zilibakizwa kwa masharti: kati ya wiki ya 22 na ya 37, kwa muda usiozidi saa 48, chini ya uangalizi wa mtaalamu, moyo wa mama ukifuatiliwa muda wote. Miaka zaidi ya kumi imepita. Mama wa kwetu Tanzania anayepewa kidonge cha salbutamoli kila siku kwa miezi miwili, nyumbani, bila yeyote wa kumpima mapigo, anapewa kitu ambacho madaktari wa Paris na Berlin wamekatazwa kumpa mwanamke mjamzito ili kuzuia uchungu. Sioni kwa nini moyo wake uwe imara kuliko wao. Kama ana upungufu wa damu, au tatizo la valvu za moyo lililotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni na halijagunduliwa, yuko katika hatari kubwa kuliko wao.

Hata magnesiamu salfeti, dawa ninayoiheshimu kwa jinsi inavyookoa wenye kifafa cha mimba, ilipata onyo lake. Mei 2013 FDA ilitahadharisha kwamba kuitoa mfululizo kwa zaidi ya siku tano hadi saba ili kuzuia uchungu kunaweza kushusha kalisi ya mtoto tumboni na kudhoofisha mifupa yake. Dawa ile ile ikitolewa kwa muda mfupi hulinda ubongo wa njiti.

Historia ya tiba imejaa vitu vya kushikilia mimba vilivyopendwa kabla ya kupimwa. Katika miaka ya 1960 daktari Fritz Fuchs wa New York alitambulisha pombe ya dripu. Wajawazito walipigwa ethanoli moja kwa moja kwenye mshipa mpaka wakalewa, wakatapika, wakaumwa vichwa, na kwa miaka kadhaa hayo yalihesabiwa kuwa matibabu ya kisasa. Kabla ya hapo ilikuwepo DES, homoni iliyotengenezwa maabara na kutolewa kwa mamilioni ya wanawake tangu miaka ya 1940 ili mimba zisitoke na watoto wasizaliwe mapema. Mwaka 1953 utafiti wa Chicago ulionyesha wazi kwamba haisaidii. Iliendelea kuandikwa kwa miaka 18 mingine. Mwaka 1971 madaktari wa Boston waligundua saratani adimu ya uke kwa wasichana wadogo, na kitu kilichowaunganisha ni kwamba mama zao walimeza DES walipowabeba. Hebu ifikirie ile miaka 18. Jibu lilikuwa limeshapatikana, limechapishwa, na watu walilisoma. Kilichoifanya dawa iendelee ni kwamba mama alikuwa na hofu, daktari hakutaka kumtoa mikono mitupu, na kiwanda kilikuwa tayari kuuza.

Cha karibu zaidi ni kisa cha sindano ya projesteroni ya kila wiki iliyouzwa Marekani kwa jina la Makena. Utafiti wa mwaka 2003 ulikuwa umeleta matumaini kwa wanawake waliowahi kuzaa njiti: waliochomwa dawa hiyo walijifungua mapema kwa asilimia 36, waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 55. Mwaka 2011 FDA iliipitisha kwa njia ya haraka, kwa sharti kwamba utafiti mwingine mkubwa uthibitishe. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 1,500 kwa sindano moja, ilhali wafamasia walikuwa wakiichanganya wenyewe kwa dola zisizozidi ishirini. Utafiti wa uthibitisho, wenye wanawake wapatao 1,700, ulipokamilika haukuona tofauti: asilimia 11.0 kwa 11.5. Aprili 2023 dawa ikaondolewa sokoni. Ilikuwa imeuzwa miaka 12. Nalitaja hili kwa sababu sindano za aina hiyo bado zinachomwa kwetu, tena mara nyingi kwa mwanamke ambaye hajawahi hata kupimwa urefu wa mlango wa kizazi. Projesteroni ya kuweka ukeni ni habari nyingine. Kwa mwenye mlango wa kizazi mfupi uliopimwa kwa altrasaundi ina ushahidi mzuri, kama ilivyo kwa kushona mlango wa kizazi kwa wale wanaostahili. Lakini hizo ni njia za kukinga kabla uchungu haujaanza, na haifai kuzitumia kama hoja ya kutetea vidonge vya baada ya uchungu.

Watetezi wa matumizi ya muda mrefu huitaja Japani. Huko ni kawaida mwanamke kulazwa wiki nyingi akiwa na dripu ya ritodrini, na Japani ina kiwango cha chini sana cha watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Hoja hii inavutia mpaka uiangalie kwa karibu. Mwanamke wa Japani hufuatiliwa kliniki mara nyingi sana, hupimwa altrasaundi tena na tena, na akizaa njiti hukuta baadhi ya wodi bora kabisa za watoto wachanga duniani. Ukitoa yote hayo ukabakiza dripu, hujui kama dripu ndiyo iliyofanya kazi. Na hata ukiamini ndiyo, huwezi kuchukua matibabu yanayofanyika kitandani, chini ya mashine inayofuatilia moyo, ukayageuza kidonge cha kumeza nyumbani Kahama ukasema ni kitu kile kile.

Sasa nirudi kwenye zile siku mbili, kwa sababu ndizo zinazonifanya niandike.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Auckland huko New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo. Aliona mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno, ambaye kwa kawaida angekufa kwa kukosa hewa, akipumua. Alikuwa amepewa steroidi akiwa bado tumboni. Pamoja na Ross Howie wakaijaribu kwa wanawake, na mwaka 1972 wakachapisha kwamba sindano ya steroidi kwa mama hukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni na kupunguza vifo. Hiyo ndiyo sindano ya kukomaza mapafu inayojulikana leo katika kila wodi ya wazazi. Huku kwetu ni deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Dozi nne za saa 12 hukamilika ndani ya siku mbili, na hiyo ndiyo sababu kuu ya kuzuia uchungu kwa saa 48.

Je, inafanya kazi katika hospitali zenye hali kama zetu? Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifanya utafiti katika hospitali 29 za Bangladeshi, India, Kenya, Naijeria na Pakistani, kwa wanawake 2,852 waliokuwa kati ya wiki ya 26 na ya 33. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Watoto wachanga waliofariki walikuwa asilimia 19.6 kwa mama waliopata deksamethasoni na asilimia 23.5 kwa waliokosa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikwisha kuonekana. Kwa lugha nyepesi, katika kila kina mama 25 waliochomwa, mtoto mmoja ambaye angekufa aliishi. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo na imo katika kabati la karibu kila hospitali. Ukiongeza magnesiamu salfeti kwa aliye chini ya wiki 32, umemlinda na ubongo. Hakuna kidonge cha wiki nane kilichowahi kuonyesha takwimu za namna hiyo.

Lakini hata sindano hii haitoshi ikisimama peke yake, na aliyetufundisha hilo ni utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulioigusa Kenya na Zambia pamoja na nchi za Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati. Huko steroidi ilisambazwa mpaka ngazi za chini kabisa, mahali ambapo umri wa mimba ulikadiriwa tu na huduma ya njiti ilikuwa hafifu. Vifo vya watoto wachanga wote kwa jumla viliongezeka. Wengi waliochomwa hawakuwa na mimba changa hata kidogo, na wapo waliokuwa na maambukizi. Tofauti kati ya tafiti hizi mbili ni mazingira: ule wa WHO, uliotoka mwaka 2020, ulifanyika katika hospitali zilizojua umri wa mimba kwa altrasaundi na zilizoweza kumpokea njiti anapozaliwa na kumhudumia. Ndiyo maana miongozo ya WHO inataka sindano itolewe pale umri unapojulikana, hakuna dalili za maambukizi, na pana uwezo wa kumhudumia mtoto.

Siku mbili, basi, thamani yake ni kile kinachofanyika ndani yake. Mwaka 2025 Waholanzi wale wale, safari hii pamoja na Waingereza na Waayalandi, walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 700 wa wiki 30 hadi 33 waliopewa atosibani au dripu tupu. Hali za watoto hazikutofautiana. Wengine wamelisoma hilo kama hukumu ya mwisho dhidi ya dawa zote za kuzuia uchungu. Mimi nalisoma hivi: mwanamke aliyeko tayari katika hospitali yenye kila kitu, na ambaye mtoto wake ameshafika wiki 30, siku mbili hazimwongezei mengi. Aliye kwenye kituo cha afya kilometa mia kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa, akiwa na mimba ya wiki 27, anazihitaji kwa sababu ana safari ya kusafiri na dozi za kumaliza.

Hilo la safari Tanzania imeanza kulipatia jibu. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu namba 115 bila malipo, huunganisha kituo kilichozidiwa na gari la wagonjwa, au dereva wa kawaida aliyeandikishwa pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Ningependa kuona uchungu wa kabla ya wakati unahesabiwa huko kuwa dharura kama kutokwa na damu, hata kama mama anaongea na kutembea mwenyewe. Njiti bora kusafirishwa akiwa bado tumboni, maana hakuna mashine ya kumpa joto inayofikia tumbo la mama. Akizaliwa njiani, akapoa, saa moja tu inaweza kufuta faida yote ya sindano.

Na akishazaliwa, tiba yenye nguvu kubwa kwake imo mwilini mwa mama. Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianzia Bogotá mwaka 1978 kwa sababu ya uhaba wa mashine za joto. Mwaka 2021 utafiti uliohusisha Tanzania, Malawi, Ghana, Naijeria na India ulionyesha kwamba kuanza ubebaji huo, unaoitwa kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kulishusha vifo kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0 kwa watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8. Kinachohitajika ni kitanda cha mama ndani ya wodi ya watoto wachanga na wauguzi wanaomruhusu awemo. Hospitali nyingi bado zimejengwa kwa namna inayomweka mama jengo moja na mtoto jengo jingine. Ukitaka kujua hospitali inawachukuliaje njiti, uliza mama analala wapi.

Nakiri kwamba wataalamu wenyewe hawajafunga mjadala. Mwaka 2015 WHO haikupendekeza dawa za kuzuia uchungu kwa lengo la kuboresha hali ya mtoto. Mwaka 2022 ililegeza msimamo na kuikubali nifedipini, kwa masharti yanayofanana na yale ya steroidi: umri wa mimba unaojulikana, hakuna maambukizi, na huduma za mama na za njiti zipo. Daktari anayeandika nifedipini kwa siku chache za ziada kwa mama aliyelazwa, anayepimwa presha, anayesubiri kitanda cha rufaa, sina ugomvi naye. Ninaopingana nao ni mazoea ya kumkabidhi mama vidonge mlangoni badala ya uchunguzi. Pakiti ile humfanya aamini kwamba tatizo limekwisha. Hapimwi mkojo, haulizwi juu ya homa, hapigwi altrasaundi ya mlango wa kizazi, haambiwi ajifungulie wapi tumbo likianza tena. Akipata maumivu wiki mbili baadaye huongeza kidonge na kusubiri asubuhi, na yale masaa aliyosubiri ndiyo yaliyokuwa ya kumchoma sindano.

Wapo madaktari watakaosema familia hazikubali kuondoka bila dawa. Ni kweli, shinikizo lipo, hasa pale mume amelipa na mama mkwe amesafiri kutoka kijijini. Lakini familia zetu zinaelewa zikielezwa. Ukimwambia mama: "Uchungu umetulia na una nafasi nzuri ya kufika mwisho, tumekupa sindano ya mapafu, mkojo wako una maambukizi, hii ndiyo dawa yake, ukiona maji, damu au tumbo linakaza tena, usije hapa, nenda moja kwa moja hospitali ya mkoa, na karatasi yako hii hapa," hakuna atakayesema hakutibiwa.

Kama wewe unayesoma uko kwenye vidonge hivyo sasa, usivitupe kwa sababu ya makala hii. Rudi kwa aliyekuandikia na umuulize dawa ni ipi, ya siku ngapi, na anatarajia imfanyie nini mtoto. Muulize kama ulipata sindano ya kukomaza mapafu na lini. Kama umri wa mimba umetokana na altrasaundi ya mapema au na kumbukumbu ya hedhi tu. Na kama uchungu ukirudi leo usiku, ni hospitali gani iliyo na wodi ya njiti na nani atakufikisha. Moyo ukienda mbio, kifua kikibana au pumzi ikikatika, hiyo si ya kusubiri kliniki ijayo, nenda saa hiyo hiyo. Na majibu utakayopewa yaandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, ili mkunga wa zamu, asiyekujua, ayasome usiku huo.